Ubongo wa Mtoto, Kitanzi cha Mtu Mzima

Mwaka 1934 jarida la wanaanatomia wa Uingereza lilichapisha makala ya Dakta F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika maabara ya serikali mjini Nairobi. Makala ilihusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Vint alikuwa amekusanya bongo za wanaume Waafrika, akazipima kwa mizani, kisha akakata vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini ili apime unene wa tabaka la juu na kuzikagua seli zake. Alipata uzito wa wastani wa gramu 1,276, akauweka kando ya gramu 1,428 zilizotajwa kuwa wastani wa Mzungu. Tabaka la juu, ambalo wanasayansi wa zama zile walilihusisha na fikra, alisema ni jembamba kwa karibu asilimia 15. Kutokana na vipimo hivyo alifikia hitimisho ambalo lilikuja kurudiwa na wengine kwa miaka mingi: kwamba Mwafrika mtu mzima, kwa wastani, amefikia kiwango cha mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8.

Wanaume wale hatuwajui. Waliacha wake, watoto, mashamba na madeni, lakini kilichohifadhiwa ni gramu zao tu, tena zikiwa zimechanganywa pamoja na kugawanywa kwa idadi yao. Wala zama zile hazikuwa na desturi ya kuwaomba jamaa za marehemu ridhaa kabla ya kiungo kuondolewa kwa ajili ya utafiti. Naanza nao kwa sababu mjadala wa leo kuhusu sheria na sayansi ya ubongo huzungumzwa kana kwamba ni mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam akiwa na mashine mpya. Sisi tulikwisha kupimwa bongo, na matokeo yake yalikwisha kutumiwa kuhalalisha maamuzi kuhusu nani apewe shule, ardhi na sauti ya kisiasa. Hoja yangu ni kwamba madhara makubwa ya kipindi kile hayakutokana tu na makosa ya vipimo. Yalitokana na matumizi ya upande mmoja: sayansi iliitwa mbele pale ilipoweza kumpunguzia Mwafrika haki, na ikaachwa nje ya mlango pale ambapo, kwa mantiki yake yenyewe, ingelazimika kumpunguzia hatia.

Vint hakufanya kazi peke yake. Aliyekuwa akisukuma utafiti huo kwa bidii zaidi ni Dakta H. L. Gordon, msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, na kwa miaka mingi ilikuwa zaidi mahali pa kufungia watu kuliko mahali pa kuwatibu. Gordon alipima vichwa vya maelfu ya wanaume Waafrika, akakadiria ujazo wa mafuvu yao, akatangaza kwamba tofauti kati ya Mwafrika na Mzungu ni ya kuzaliwa na haiondolewi na elimu. Alionya hata kwamba shule ya Kizungu ingeweza kuuvuruga ubongo usio tayari kuipokea, na kwamba wendawazimu miongoni mwa Waafrika waliosoma ulikuwa dalili ya hatari hiyo. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa uzao wa binadamu, yaani yujenia, na mwaka huohuo Gordon alikwenda London kutafuta uungwaji mkono na fedha. Ni mwaka huo pia ambapo Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za kurithi. Nairobi haikuwa kisiwa. Ilikuwa bandari moja ya fikra zilizosafiri dunia nzima.

Tukumbuke pia yaliyokuwa yakiendelea Kenya yenyewe. Kati ya 1932 na 1934 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilikuwa ikisikiliza malalamiko ya Wakikuyu na wengine walionyang'anywa mashamba, na ripoti yake ilitoka mwaka uleule wa makala ya Vint, ikithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Sidai kwamba wajumbe wa tume walisoma vipimo vya ubongo kabla ya kuamua. Hawakuhitaji. Ninachosema ni kwamba dai la ubongo wa mtoto lilipata wasikilizaji kwa sababu lilijibu swali ambalo siasa ya walowezi ilikuwa tayari inajiuliza: kwa nini watu wazima wenye kauli, mabaraza na viongozi wao waendelee kuamuliwa mambo kama watoto? Serikali ya London haikutoa fedha za mradi wa Gordon, na Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kuijua Kenya kwa undani, alimpinga waziwazi. Mradi ukadhoofika. Lakini wazo halikuhitaji ruzuku ili liendelee kuishi.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekewa Kanuni za Adhabu zilizofanana karibu neno kwa neno. Kanuni hizo zilianza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zikasema kwamba mtu hana hatia ya jinai ikiwa, wakati wa tendo, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asielewe anachofanya au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Kipimo hicho kilitoka Uingereza, katika kesi ya Daniel M'Naghten, ambaye mwaka 1843 alimpiga risasi na kumuua katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel akiamini kwamba anaandamwa na chama tawala. Hadi leo kifungu hicho kimo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, namba 12, na katika ile ya Tanzania, namba 13. Ni kifungu kinachomtazama mtu mmoja, katika tendo moja, katika saa moja. Hakiulizi kabila lake lina wastani gani.

Na sheria ilikuwa na kifungu kingine kuhusu watoto. Mtoto mdogo hakuweza kutiwa hatiani kabisa, na aliyemzidi kidogo umri angeweza kutiwa hatiani pale tu ilipothibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kosa lake. Nchini Uingereza umri huo wa chini ulikuwa miaka 7, na mwaka 1933 Bunge likaupandisha hadi 8. Tuweke tarehe hizi pamoja. Katika miaka ileile ambayo daktari wa serikali aliandika kwamba Mwafrika mzima ana ubongo wa mvulana wa miaka 7 au 8, sheria ya dola ileile ilitamka kwamba mvulana wa umri huo hawezi kuwa mhalifu, au angalau si mpaka ithibitishwe kwamba alijua kosa lake. Kama Nairobi ingeyaamini maandishi ya maabara yake kwa uaminifu uleule iliouonyesha katika shule na ardhi, isingekuwa na haki ya kumnyonga Mwafrika yeyote. Wakili yeyote angeweza kusimama mahakamani na kuisoma makala ya Vint kama utetezi. Lakini mbele ya hakimu Mwafrika alihesabiwa mtu mzima kamili, mwenye nia na ufahamu wote unaohitajika ili astahili kifo. Akishuka ngazi za mahakama na kuomba nafasi ya kuchagua mbunge wake, alirudishwa utotoni.

Msomaji makini atanipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: majaji na magavana wa kikoloni walizungumza mara nyingi kuhusu akili ya mwenyeji ili kupunguza adhabu. Ni kweli. Mfano mashuhuri ni kesi ya mwaka 1932, ambapo Wakamba 60 walihukumiwa kifo pamoja kwa kumuua mwanamke waliyemwamini kuwa mchawi. Waliyakubali waziwazi waliyoyatenda, kwa kuwa machoni mwao walikuwa wametekeleza hukumu ya jamii dhidi ya mtu hatari. Kesi ilizua mjadala hadi London, na hukumu zao za kifo hazikutekelezwa. Mwaka uliofuata Tume ya Bushe ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuchunguza jinsi haki ya jinai ilivyokuwa ikitolewa. Basi, atauliza msomaji, je, huo si ushahidi kwamba sayansi au angalau imani kuhusu akili ya Mwafrika ilimfaa pia?

Jibu langu ni kwamba tuangalie ni mlango gani huruma hiyo ilipitia. Hakimu aliwatia hatiani wote 60 na kuwapa adhabu iliyolazimishwa na sheria. Kilichowaokoa ni uamuzi wa gavana, na uamuzi wa gavana ulikuwa hisani. Hisani haidaiwi, haikatiwi rufaa, na inaweza kuzuiwa siasa zikichacha. Zaidi ya hayo, kilichozingatiwa kilikuwa imani na mila zao, jambo ambalo binadamu yeyote mwenye ubongo wowote anaweza kuwa nalo. Hakuna aliyewatoa hatiani kwa sababu ya unene wa tabaka la ubongo. Upande wa kunyima ulijengewa hoja ya kibaiolojia inayodumu, upande wa kusamehe ukaachiwa busara ya mtu mmoja katika ofisi moja. Na miaka ishirini baadaye ilidhihirika jinsi busara hiyo ilivyoweza kukauka.

Aliyechukua nafasi ya usimamizi wa Mathari mwaka 1938 alikuwa John Colin Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Kenya tangu 1929. Alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa na mafunzo ya tiba ya akili. Aliyapata baadaye Uingereza. Alikuwa mtaratibu na msomaji sana, na maandishi yake hayana ukali wa Gordon. Ndiyo maana yalifika mbali zaidi. Aliwachunguza wagonjwa walioletwa Mathari, akaona wachache wenye huzuni kubwa ya kiafya, akaamua kwamba Waafrika hawasumbuliwi sana na ugonjwa huo kwa kuwa hawana mzigo wa kujilaumu na kuwajibika. Hakutilia uzito wa kutosha ukweli kwamba walioletwa Mathari waliletwa na polisi na machifu, na hao walileta wale waliovunja vitu, waliopiga watu, waliotembea uchi sokoni. Mama aliyejilaza nyumbani bila kula kwa huzuni hakumsumbua chifu, hivyo hakuingia katika takwimu.

Mwaka 1951 Carothers alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika. Tukumbuke muktadha. Miaka miwili kabla, Egas Moniz wa Ureno alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu hiyo na nyinginezo, upasuaji uliokwisha kufanyiwa maelfu ya wagonjwa wa akili Ulaya na Marekani na kuwaacha wengi wao watulivu lakini wasio na mipango wala hamu. Carothers aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana sana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo. Halafu mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, likiwa na umri wa miaka mitano tu, lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na humo vipimo vya Vint vikapata uhai mpya. Ni haki kueleza kwamba Carothers alizungumzia pia malezi, lishe na mazingira, na hakushikilia kwamba kila kitu ni cha kuzaliwa. Lakini ufanano alioutangaza ulikuwa wa ubongo uliokatwa, na nembo iliyokuwa juu ya jalada ilikuwa ya shirika la Umoja wa Mataifa.

Wakati kitabu hicho kinatoka, Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ilimwita Carothers aeleze chanzo cha Mau Mau, na mwaka 1954 mpigachapa wa serikali akatoa kijitabu chake kuhusu saikolojia ya vita hivyo. Alieleza uasi kama matokeo ya akili iliyo katika mpito: mtu aliyetoka katika ulinzi wa mila, hajafika katika utulivu wa ustaarabu mpya, amejawa na hofu na kinyongo, tayari kunaswa na kiapo. Malalamiko ya ardhi yalitajwa, lakini yaliwekwa ndani ya maelezo ya kitabibu, na lalamiko likishawekwa humo halijibiwi tena kwa kurudisha shamba. Linajibiwa kwa matibabu. Carothers aliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, na kuanzia Juni mwaka huo zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa katika maboma yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miba, chini ya amri ya kutotoka nje. Uamuzi ulikuwa wa Baraza la Vita na sababu zake zilikuwa za kijeshi. Kijitabu cha daktari kiliupa lugha ya ulezi.

Na mahakama je? Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya kesi hizo, amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Wengi hawakupatikana na hatia ya kuua. Kanuni za Hali ya Hatari zilifanya kumiliki silaha, risasi, au kuwa pamoja na watu wenye silaha kuwa kosa la kifo. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa mujibu wa kijitabu kilichochapishwa na serikali, watu wa aina yake walikuwa wagonjwa wa mpito, wasio na uwezo kamili wa kujitawala. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyoandikwa na serikali hiyohiyo, kila mmoja wao alijua barabara anachofanya. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja kuhusu mtu yuleyule. Zilikaa katika ofisi mbili za mji mmoja, na hapana aliyelazimika kuzipatanisha, kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo Mwafrika angeweza kudai zipatanishwe.

Upinzani wa kisomi ulikuja haraka. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Blida nchini Algeria, aliiona nadharia hiyohiyo mikononi mwa madaktari wa Kifaransa wa Algiers, na katika kitabu chake cha 1961 alimtaja Carothers kwa jina. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alianzisha tiba ya Aro, Abeokuta, ambako wagonjwa walikaa na familia vijijini na kutibiwa mchana hospitalini. Yeye na wenzake waliochunguza watu majumbani badala ya kuwasubiri wodini waliikuta huzuni ambayo Carothers hakuiona. Mwaka 1973 Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lilelile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers miaka 20 kabla.

Pingamizi la pili ninalolitarajia ni hili: yote hayo yalikuwa sayansi mbovu, na dawa ya sayansi mbovu ni sayansi bora, hivyo historia hii haina la kutufunza kuhusu mashine za leo za kupima ubongo. Nakubali nusu. Vint alilinganisha bongo alizozipima mwenyewe na takwimu za Wazungu zilizopatikana kwingine, kwa mikono mingine. Alipima miili ya maskini, mingi ikiwa imepitia njaa, malaria na minyoo. Na hata tukimpa gramu zake zote, uzito haukuwa kipimo cha akili, jambo lililokuwa limejulikana kabla yake: ubongo wa Anatole France, mwandishi Mfaransa aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulipopimwa baada ya kifo chake ulikuwa na gramu zipatazo 1,017, chini kabisa ya wastani wa wanaume wa Vint. Lakini tusijidanganye kwamba kosa lilikuwa katika mizani. Mizani ya Vint ilikuwa nzuri, na hadubini yake ilikuwa ya kisasa kwa wakati wake. Aliyeisoma makala yake mwaka 1934 aliona jedwali, picha na jarida linaloheshimika, kama sisi tunavyoona leo picha za rangi za ubongo zinazowaka hapa na pale. Kosa lilikuwa katika hatua kutoka kwenye kipimo kwenda kwenye haki ya mtu, na hatua hiyo hairekebishwi na mashine kali zaidi. Sayansi bora inaweza hata kuifanya iwe rahisi zaidi kurukwa, kwa kuwa ni vigumu zaidi kwa mtu wa kawaida kuipinga.

Pingamizi la tatu, kwamba madaktari wale walikuwa watu wa zama zao, halinichukui muda mrefu. Leakey naye alikuwa mtu wa zama zilezile.

Nchi nyingine zimekwisha kukutana mahakamani na swali hili la hatua kutoka kipimo cha ubongo hadi haki ya mtu. India, polisi walitumia kwa miaka kadhaa kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo kutafuta kama mshukiwa anakumbuka kutenda kosa, na mwaka 2008 mahakama moja ya Pune ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ikitegemea kwa sehemu kipimo hicho. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Selvi dhidi ya Jimbo la Karnataka, Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba kumpima mtu kwa njia hizo bila ridhaa yake kunavunja kinga yake ya kutojishuhudia. Chile ilirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo, na mwaka 2023 mahakama yake ya juu iliiamuru kampuni moja ifute taarifa za ubongo wa mteja zilizokusanywa na kifaa cha kuvaa kichwani.

Mfano wa Marekani unanigusa zaidi kwa sababu unaijaribu hoja yangu yenyewe. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, Mahakama ya Juu ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18. Mahakama ilizingatia kwamba vijana hawajakomaa, hoja ambayo vyama vya wataalamu waliojitokeza katika kesi viliitilia nguvu kwa utafiti wa ubongo. Hapo wastani wa kundi ulitumika kulinda, na nafurahi kwamba ulitumika. Lakini Jaji Antonin Scalia, aliyepinga uamuzi huo, alikumbusha kwamba chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo kiliwahi kuiambia mahakama ileile, katika kesi ya 1990 kuhusu utoaji mimba, kwamba vijana wana ukomavu wa kutosha kujiamulia. Lilikuwa swali la haki, hata kama mtu hakubaliani naye katika mengine. Wanasaikolojia walijibu kwamba hizo ni akili mbili tofauti: kutafakari kwa utulivu, ukiwa na muda na washauri, hukomaa mapema kuliko kujizuia ukiwa katika hasira au mbele ya marafiki. Jibu hilo naliona zuri. Uzuri wake ni kwamba lililazimika kutolewa hadharani, mbele ya mtu aliyeweka kauli mbili kando kwa kando na kudai zipatanishwe, jambo ambalo hakuna aliyeweza kumlazimisha Gordon wala Carothers kulifanya.

Huo ndio msingi ambao sheria zetu zinaweza kujengewa. Utafiti wa ubongo ukikubaliwa kumnyima mtu dhamana, ajira, leseni au malezi ya mtoto wake, ukubaliwe pia kwa uzito uleule anapotaka kuutumia kujitetea. Na ukikataliwa kwa kuwa haujakomaa, ukataliwe pande zote mbili. Kenya imepiga hatua fulani. Katika miaka ya 2010 majaji wa Mahakama Kuu walitamka kwamba kumfungia mshtakiwa mwenye ugonjwa wa akili kwa muda usiojulikana, akingoja ridhaa ya Rais, kunakwenda kinyume cha Katiba. Waliwatazama watu waliokaa miaka mingi kizuizini baada ya mahakama kukiri kwamba walitenda wakiwa wagonjwa, kwa maana ugonjwa uliwaondolea lawama lakini haukuwarudishia uhuru. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imepandisha umri wa chini wa jinai hadi miaka 12.

Lakini kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu bado kinangoja ushahidi, na ushahidi wa kesho utaletwa ukiwa picha. Mtaalamu atakayeuleta aulizwe kwanza picha ile inalinganishwa na bongo za nani, kwa sababu hazina nyingi za picha za ubongo zinazotumika duniani zimekusanywa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na mshtakiwa wa Kitui au Tandahimba akiwekwa kando ya wastani huo tutakuwa tumerudi kwenye meza ya Vint. Aulizwe pia kama kipimo kinasema lolote kuhusu saa ya tendo, au kinasema tu jinsi ubongo ulivyo miezi mingi baadaye. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani, bila kusema kwamba ushahidi huo ni maneno ya mdomo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja afya, jeni na alama za mwili miongoni mwa taarifa nyeti, ila shughuli za ubongo hazikutajwa kwa jina. Bunge linaweza kuziongeza kwa mstari mmoja, na ni afadhali lifanye hivyo sasa, kabla kesi ya kwanza haijafika mbele ya hakimu.